Uwanja wa Majani Katikati ya Florensi

Tuliokuwepo tulikuwa wanne, na niwataje kwanza ili msinipotee. Nilikuwepo mimi, Mama Ezekieli, ninayekaa Louisville, huku Amerika, upande wa Iroquois. Alikuwepo mjukuu wangu Anitha, binti wa huyo Ezekieli. Chuo chake kilimpeleka Florensi, kule Italia, kusoma muhula mmoja, na ndiye aliyetuita. Alikuwepo Mama Nabintu wa Columbus, Mkongo wa milimani Kivu ya Kusini, mkwe wangu, maana kijana wake Bahati amemuoa binti yangu Yosefina. Na alikuwepo Mwalimu, aliyetoka Cheektowaga, kule Buffalo, anakokaa na binti yake Dafroza. Mwalimu si ndugu wa yeyote kati yetu. Alitufundisha sisi wakimbizi wa Burundi kambini Kigoma, basi.

Jina lake ninalo. Majina ya darasa lake zima ninayo, kuanzia Evarista aliyekaa mbele mpaka Gabrieli aliyekuwa akisinzia nyuma. La kwake nimelinyamazia, mtanisamehe. Mtaelewa mkifika mwisho.

Mimi nilikwenda Florensi kuuliza kitu kimoja tu: kama barua ilifika.

Binti yangu wa tatu, Spesioza, alikuwa na mkono wa kuchora. Akipata mkaa anachora, akipata kalamu ya bluu anachora, akikosa vyote anachora kwa kijiti chini, halafu anatukataza kupita. Mwalimu akamwona. Akaniambia, "Mama Ezekieli, huyu asipotee. Nitawaandikia wenzangu Florensi, kule nilikosoma. Wana shule ya wachoraji." Akachukua mchoro wake mmoja mkubwa aende kuutuma pamoja na barua. Wakati tunangoja majibu, wakaja Wamarekani kutuhoji, wachague wa kuwahamishia kwao. Spesioza alikuwa ameshatimiza umri wa kuwa na faili lake peke yake. Siku jina lake liliposomwa hakwenda, kwa sababu Mwalimu alimwambia, "Ukijiandikisha Amerika, Florensi watakufuta."

Sisi tukapanda ndege. Yeye akabaki akingoja. Kambi ilipofungwa wakamrudisha Burundi kwa lori, na masika ya pili yake homa ikamchukua. Simu ilinikuta kiwandani Louisville, nimevaa glavu, msimamizi ananionyesha saa ya ukutani.

Miaka yote ile sikumlaumu Mwalimu. Nililaumu Florensi, mji mzima. Nilikuwa nasema jikoni peke yangu, watu gani hawa wasiojibu barua ya mtoto? Kwa hiyo Anitha alipopiga simu, "Bibi, njoo uone, kuna raha huku," asidhani ni sanamu zilizonipandisha ndege na magoti haya.

Sasa nimseme Mwalimu mwenyewe.

Alikuwa mtu wa tai. Kambini, matope yamefika kwenye vifundo vya miguu, yeye ana tai. Huku Buffalo alipopata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala, alivaa tai chini ya ile fulana ya kung'aa wanayowapa, na wenzake wakawa wanamwita Profesa. Dafroza alimwambia, "Baba, itanaswa na mashine, utanyongwa." Akamjibu, "Nitanyongwa nikiwa nadhifu."

Alikuwa mwandishi wa barua wa kambi nzima. Mume amepotelea Mozambiki, ni Mwalimu anaandika. Jina limekosewa kwenye kadi ya chakula, ni Mwalimu anaandika. Hakupokea hata yai. Renilda aliwahi kumpelekea kuku, akamrudisha yule kuku mwenyewe, amembeba kwapani, tai shingoni, watu wamejipanga wanacheka. Na barua zake zilikuwa zinajibiwa, hilo ndilo neno. Mume wa Renilda alirudi kwa barua ya Mwalimu. Mtu wa namna hiyo akikwambia barua ya mwanao imekwenda, utaanzaje kumshuku?

Tena mimi niliishia darasa la pili. Yeye ndiye aliyenikalisha mchana chini ya turubai pamoja na akina mama wengine, akanirudisha kwenye herufi. Alikuwa mkali. Ukikosea anakufutia ubao wote, hata ulichopatia. "Tazama kwanza, halafu useme," ndiyo ilikuwa kauli yake. Herufi hizi ninazoandika sasa ni zake. Hilo nalo linaniuma, kwamba hata kumsema namsema kwa mkono alioufundisha yeye.

Na kila jambo alilipeleka Florensi. Mvua ikivuja: "Kule kwetu Florensi wanaezeka kwa vigae." Watoto wakigombana: "Kule kwetu Florensi hata wagomvi wanapitana kwa adabu." Alikuwa na ramani ya huo mji, imekunjwa ndogo kama kitabu cha sala, inakaa mfuko wa ndani wa koti. Hakuna aliyeishika. Aliifungua kwa mbali, nusu, akasoma majina ya njia, akaifunga. Darasa zima liliyajua majina yale kuliko ya vijiji vyetu.

Alichopenda kukisema zaidi ni uwanja. "Katikati kabisa ya mji," alisema, "hawakujenga. Wameacha uwanja wa majani, mtupu, hauna nyumba hata moja. Watu wa Florensi wanajua kwamba mji usio na pa kukaa ni gereza. Jioni wanatoka, wanakaa kwenye majani, hawadaiani maneno." Sisi tulikuwa tumebanana kwenye mahema kama dagaa. Mlifikiri tungependa nini? Spesioza aliuchora uwanja ule, sijui mara ngapi. Aliniambia, "Mama, nikifika nitakaa pale kwenye majani nikungoje."

Kuna siku ya kicheko pia, nisiifiche. Ilikuwa harusi ya Bahati na Yosefina. Mwalimu alikuja Louisville kwanza, kisha Ezekieli akatupakia kwenye gari kubwa twende Columbus. Njiani, bado tuko Kentaki, nikaona tangi la maji refu limeandikwa herufi kubwa. Nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi: Florence. Nikapiga kelele, "Mwalimu! Tumefika kwenu!" Gari zima likavunjika mbavu. Ezekieli akauliza, "Nisimame, Mwalimu, ukawasalimie?" Mwalimu akanyoosha tai. "Hiyo imejipachika jina. Florensi yenyewe haiwezi kuandikwa kwenye tangi." Tulipofika Northland, mtaa wao wa Columbus, tukamsimulia Mama Nabintu, na yeye kitu kikishamchekesha hakitoki. Tangu siku ile akawa anamwita Mwalimu wa Tangi.

Sasa Florensi.

Nitasema kweli: ni pazuri. Kuta zake zina rangi ya mkate ulioiva, na jua likianza kushuka zinakuwa kama zina moto ndani. Lile kuba la kanisa kubwa ukigeuka huku liko, ukigeuka kule liko, kama mtu anayekufuata ana neno na wewe. Mwalimu alitangulia, mikono nyuma. Kabla hatujafika kona anataja jina la njia, Anitha anatazama kwenye simu yake, anasema, "Bibi, amepatia!" Kona baada ya kona. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, huyu kweli amekaa hapa, basi shule ipo, na barua tutaiulizia.

Lakini ni mji unaokuchosha vilevile. Kila kizuri kina foleni, na foleni yenyewe ungeitafutia nafasi toka juzi kwenye kompyuta. Jua linachoma, pa kukaa hapana, ukikaa kwenye ngazi za kanisa anakuja mtu wa filimbi. Pikipiki zinakupita kwenye kisigino. Mwalimu akasema kanisa la ng'ambo ya mto ni hapo tu, hatua chache. Kumbe ni kilima, ngazi juu ya ngazi. Mama Nabintu akakaa chini katikati. "Bon, mimi nabaki hapa. Mukirudia mutaniokota." Mwalimu naye alikuwa anahema, ameshika ukuta, anazitazama zile ngazi kama mtu aliyechezewa shere. Nikashangaa, mwenyeji gani asiyejua kilima. Nikalipuuza.

Kwenye uwanja wa serikali kuna sanamu ya kijana mkubwa, yuko uchi wa mnyama. Mama Nabintu akafunika macho, kisha akafunua vidole. "Mungu wangu, mukwe, huyu hata kitambaa cha kumufunga kilikosa?" Anitha akamwambia hiyo si yenyewe, ni kopi, ya kweli iko ndani. "Ya kweli njo iko na nguo?" Anitha alicheka mpaka akashika tumbo.

Mlango wa shaba nao vilevile. Ni mlango wenye picha za dhahabu, kila picha habari ya Biblia. Mwalimu alipoufikia alisimama wima, machozi yakamtoka, akasema, "Mlango huu niliugusa nikiwa kijana." Nami nikalia, naona aibu kusema. Anitha akasema polepole, "Mwalimu, huu nao ni kopi. Wa kweli umefungiwa makumbusho." Mwalimu akapangusa uso. "Enzi zangu ulikuwa wenyewe." Mama Nabintu akaninong'oneza, "Mukwe, tuko Florence ya kweli ao ya tangi?"

Mahali pamoja nilipata raha ambayo sitaikana. Ni nyumba ya zamani ya watawa, ukipanda ngazi unaikuta picha pale juu ukutani. Malaika amemjia Maria. Maria amekaa kwenye kigoda, mikono imepishana kifuani, na hakufurahi. Ana uso wa mama aliyeletewa karatasi ya kusaini asiyoweza kuisoma. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniashiria nisogee wengine waone. Ndipo nilipoelewa mwanangu alikuwa anataka nini. Miaka yote nilidhani anapenda kuchora tu. Kumbe alikuwa anataka kumfanyia mtu vile alivyonifanyia mchoraji yule, ambaye amekufa zamani na hanijui.

Siku ya tatu nikamwambia Mwalimu, "Sasa nipeleke shuleni." Akatupeleka bila kusita, njia na namba. Ilikuwa duka la mikoba ya ngozi. Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani, akatukaribisha, akampa Mama Nabintu mkoba aunuse. Anitha akamuuliza kwa Kitaliano kama hapa palikuwa na shule ya wachoraji. Yule mama akasema duka lilifunguliwa na babu yake.

"Wamehama," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, ni babu yake," akasema Anitha.

"Basi walihama kabla ya babu."

Mama Nabintu akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeanza kusikia baridi, na jua linawaka. Nikasema, "Acha shule. Nipeleke kwenye uwanja wa majani. Katikati. Nikakae."

Hapo alinyanyuka kwa furaha, kama mtu aliyesamehewa. Tukatembea. Tulipofika pale alipopataja kuwa katikati kabisa, tukakuta sakafu ya mawe, mahoteli yenye miavuli pande zote, na pembea kubwa ya farasi wa mbao inayozunguka na muziki wake. Jani hakuna, hata la kupachika sikioni.

Kando alikuwepo kijana Msenegali, ametandaza picha za kuchapwa chini, zile za kuuzia wageni. Jina lake Modu, nilimuuliza. Mama Nabintu akamwambia kwa Kifaransa kwamba mkwe wake anatafuta uwanja wa majani ulio katikati ya mji. Modu akanitazama kwa huruma, akaniita mama, akasema anauza hapa miaka mingi, majani hajapata kuyaona. Kisha mwenzake akapiga mluzi kwamba polisi wanakuja, Modu akakusanya picha zake kwa kamba mara moja na kukimbia. Na mimi sikumaliza kumshukuru.

"Tumepotea kidogo," akasema Mwalimu. "Kidogo tu." Akatoa ramani. Nadhani alichanganyikiwa, maana aliifungua yote, mbele yetu, kwenye benchi.

Ilikuwa imechakaa kama kitambaa. Na katikati kabisa, pale mikunjo yote minne inapokutana, palikuwa na tundu. Karatasi ililika zamani, tundu pana kama kiganja cha mtoto. Njia zote alizotufundisha zilikuwepo, zinakuja mpaka ukingoni mwa tundu, zinaishia hapo. Ndani ya tundu hamna nyumba hata moja.

Tazama kwanza, halafu useme. Nilitazama. Yeye akaona kwamba nimeona. Akaikunja upesi, akasema wameharibu mji, wameng'oa majani. Mama Nabintu akamwambia, "Donc ni farasi ndiyo iliyakula." Anitha akacheka. Ningesema nini mbele ya mjukuu?

Niliporudi Louisville nilikaa kimya karibu mwaka. Nilijaribu kusali, sala haikutoka. Nilikuwa nimebaki na swali moja tu, maana la kwanza lilikuwa limeshajijibu. Florensi hawakuwa na kosa.

Mwaka uliofuata, Aprili, nikasikia kwamba Mwalimu sukari imempanda, mguu mmoja haukanyagi tena. Ezekieli akanifikisha Columbus. Kutoka hapo Bahati akatuendesha mimi na mama yake mpaka Buffalo. Theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara, chafu. Nyumba ya Dafroza iko Cheektowaga karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikipita, vikombe vinalia kabatini. Dafroza alikuwa kazini. Mama Nabintu akaingia jikoni na fufu yake, unga wa ugali wa muhogo, aliyotoka nayo madukani Morse Road kule Columbus. Bahati akalala kwenye kochi.

Mwalimu alikuwa kitandani na nguo za kulalia. Juu ya nguo za kulalia, tai. Imepinda upande.

"Mama Ezekieli. Umefika mbali."

"Nimefika, Mwalimu. Pole na mguu."

"Wanataka kuukata. Nimewaambia waniache niufikirie."

Nikavuta kiti. "Mwalimu, ile barua ya Spesioza uliandika?"

Hakujifanya kutojua. "Niliandika. Kurasa tatu. Sijawahi kuandika barua nzuri kama ile."

"Ukaituma?"

Ndege ikapita. Tukangoja vikombe vinyamaze.

"Ningeituma wapi?" akasema.

"Florensi ulifika lini?"

"Nilifika na wewe."

Akaniambia ramani aliachiwa na padri mmoja ambaye yeye Mwalimu, kijana bado, alikuwa akimfulia nguo, na kwamba alikotoka kabla ya kambi mji mkubwa aliouona ni Bujumbura. Alisema alianza kwa utani, siku ya mvua, watoto wana njaa na darasa haliwezi kufundishika. "Mlikuwa mnanisikiliza," akasema. "Mama Ezekieli, hamjui mlivyokuwa mnanisikiliza."

"Na Wamarekani walipokuja wewe ulijiandikisha."

"Nilijiandikisha."

"Yeye ukamzuia."

Akatazama dirishani. "Mimi nilijua hakuna atakayenijibu. Kwa ajili yake nilikuwa natumaini bado. Sijui vipi. Nilikuwa nimeisema sana mpaka nikaona labda watajibu."

Jikoni Mama Nabintu aliita, "Mwalimu wa Tangi! Utakula fufu ao utataka makaroni ya kwenu?" Hakuna aliyecheka. Mwalimu akanionyesha kwa kidole Biblia iliyokuwa kwenye meza ndogo. Ndani ya Biblia kulikuwa na bahasha, imefungwa kwa gundi, juu yake neno moja kwa mwandiko wake mzuri: Florensi. Chini ya neno hilo nafasi ya anwani ni nyeupe.

"Chukua," akasema. "Ni yako."

Alitaka nimwambie neno. Alinitazama vile anavyotazama mwanafunzi aliyemaliza kuandika na anangoja alama. Ile tai ilikuwa imempinda mpaka sikioni, na mkono wangu ungefika. Sikuinyoosha. Nilimwambia, "Kula, chakula kisipoe," nikatoka. Buffalo sijarudi.

Bahasha niliifungulia nyumbani. Barua sikuisoma na sitaisoma. Mchoro ulikuwa mmoja, mkubwa, kwa kalamu ya bluu. Ni uwanja wa majani, kila jani limechorwa lake, na kuba la kanisa nyuma. Katikati amekaa mwanamke. Mikono ni yangu, kidole hiki kilichokatika ncha kipo. Kanga ni yangu ile ya maua makubwa. Lakini karatasi imekaa imekunjwa mara nne ndani ya Biblia miaka yote, Biblia inafunguliwa na kufungwa, na pale mikunjo inapokutana pamelika. Tundu limekaa usoni.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama nimepotosha jina, au nimemweka mtu mahali hakuwepo, semeni, sitakasirika. Mama Nabintu ameshasema pikipiki ilimgonga na mimi sikuiandika.

Ila kuna moja naliomba kwa wale wa darasa lile. Evarista, Renilda, Gabrieli, popote mlipo. Ninyi mliuona mchoro ule kabla haujakunjwa. Mimi Spesioza alinikatalia, alisema nitauona ukirudi. Niambieni uso aliochora ulikuwaje. Mimi nasema alinichora ninacheka. Kama sivyo, nisahihisheni.